Simu mapajani na mimba ya miezi mitano: je, ubongo wa mtoto unadhurika?

WakalaWaKibandani: Habari za mchana, wanajukwaa. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, na ujauzito wangu una miezi mitano. Kutwa ninakaa kibandani na simu tatu: mbili mapajani, na ya tatu mfukoni mwa aproni, mbele ya tumbo kabisa, kwa sababu zikikaa mezani zinaibwa. Mama mkwe amesikia redioni kwamba mionzi ya simu humfanya mtoto azaliwe mtukutu na mwenye kusahausahau. Naomba kujua kama limethibitishwa, maana kufunga biashara siwezi.

MwalimuBaiolojia: Hongera, dada. Mama mkwe wako hakulizua. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akiwamo Hugh Taylor, waliweka simu iliyozimwa sauti, ikiwa katikati ya maongezi, juu ya vizimba vya panya wenye mimba, na watoto wao walipokua walionekana hawatulii na kumbukumbu yao ni dhaifu. Hata hivyo, simu ile iliachwa usiku na mchana kwa siku 17, ilhali mimba ya panya ni ya takriban wiki tatu tu; isitoshe, panya ni mdogo mno, hana tumbo lenye unene wa kumkinga mtoto kama lako.

MamaWawili: Kwa binadamu majibu yanapingana. Nchini Denmark, utafiti wa mwaka 2008 kuhusu watoto 13,159 ulionyesha matatizo zaidi ya tabia kwa wale ambao mama zao walitumia simu, lakini akina mama hao waliulizwa mtoto akiwa tayari na miaka saba. Nani anakumbuka alipiga simu mara ngapi miaka saba iliyopita? Nchini Norway, mwaka 2017, watoto zaidi ya 45,000 walifuatiliwa, na waliozaliwa na watumiaji wa simu hawakuwa nyuma katika lugha walipofika miaka mitatu. Kwa maoni yangu, madhara hayajathibitishwa.

FundiMinara: Niongeze la ufundi. Haya ni mawimbi ya redio, si mionzi ya eksirei, na nguvu yake hushuka haraka sana simu inaposogezwa mbali na mwili. Simu iliyotulia huwasiliana na mnara mara mojamoja tu, bali mtandao ukiwa hafifu huongeza nguvu ya kurusha. Mwambie seremala akupigilie kisanduku chenye kufuli chini ya meza, upande wa mteja. Wizi utakoma na tumbo litapumua.

WakalaWaKibandani: Ahsanteni sana. Seremala yuko jirani, nitamwona jioni hii. Ile ya aproni, nikizima data inatosha?

FundiMinara: Haitoshi, dada, kwa kuwa bado inaongea na mnara. Labda uiweke katika hali ya ndegeni, ila hapo hakuna mteja atakayepata pesa yake.