Mada: Je, utalii wa mtandaoni unaweza kuwa mradi wa kijiji?

Mleta mada: Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila ushabiki. Mwaka 2020 watalii wa kimataifa waliofika Tanzania walipungua hadi takribani 620,000, kutoka milioni 1.5 za mwaka uliotangulia, na tangu hapo wapo wanaovishauri vijiji viuze ziara kwa intaneti: mwongozaji ashike simu na kutembea mubashara, mtazamaji alipie akiwa kwao. Mimi napinga, wala sina ugomvi na simu. Ugomvi wangu ni mgawanyo wa fedha. Tazameni Mto wa Mbu, wilayani Monduli, ambako utalii wa kitamaduni umekuwapo tangu miaka ya 1990. Mgeni anayefika pale hukodi baiskeli, hupita kwenye mashamba ya mpunga na migomba, huonja pombe ya ndizi, hununua kinyago kwa mchongaji wa Kimakonde, kisha hula chakula cha mchana kilichopikwa na akina mama, hivyo kabla jua halijazama fedha yake imegusa mikono mitano au sita. Mtazamaji wa mbali hali wala hanywi. Humlipa mwenye simu, naye mwenye simu hununua kifurushi.

Mchangiaji wa kwanza: Hesabu yako ni sahihi, ila unamlinganisha na mgeni ambaye wakati wa masika hayupo. Visiwa vya Faroe, kule kaskazini mwa Ulaya, walijaribu ziara kama hizo Aprili 2020: mwenyeji alivaa kamera kichwani, na watazamaji wakamwelekeza pa kugeukia.

Mleta mada: Walijaribu bila kutoza hata senti, na ofisi yao ya utalii ndiyo iliyoendesha, ili watu waje baadaye. Hilo ni tangazo. Tangazo silikatai.

Mchangiaji wa pili: Mmeliruka lililo zito. Ziara ya mubashara huisha simu inapozimwa, lakini ikirekodiwa huweza kuuzwa mara mia bila mzee aliyesimulia kuulizwa tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humlinda mtu mmoja mmoja, ilhali ngoma na simulizi za ukoo si mali ya mmoja. Napendekeza kamera isiwashwe kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaamua nani anamiliki video na ni fungu gani la kila mauzo litaingia kwenye akaunti ya kijiji.

Mleta mada: Na video ikishauzwa Ulaya, atakayeifuatilia ni nani, mwenyekiti wa kijiji?