Naomba ushauri: Nimekulia peku kijijini, sasa magaga na viatu vinanitesa

Mguu Mpana (mwenye uzi)

Wakuu, salamu zenu. Mimi ni mtu mzima niliyekulia kijijini, na kama wengi wa rika langu nilitembea peku karibu utoto wangu wote: shambani, mtoni, machungani na hata shuleni, kwa sababu viatu vilikuwa vya siku maalumu tu, tena vilinunuliwa vikiwa vikubwa makusudi ili vidumu. Sikuja kulalamikia malezi hayo. Shida ni kwamba miguu ile iliyozoea ardhi sasa inashinda ndani ya viatu vya kazini kuanzia asubuhi hadi jioni, na haijayakubali maisha hayo.

Nyayo zina sugu nene, na visigino vina magaga yenye kina. Usiku nikijigeuza nasikia nyuzi za shuka zikinasa humo, na hewa ikiwa kavu baadhi ya mipasuko hutoa damu. Vidole navyo vimetanuka kiasi kwamba kila kiatu kinachonitosha kwa urefu hunibana ubavuni, hasa kwenye kidole kidogo, ambako kumeota sugu nyingine yenye kiini kigumu kinachochoma. Naomba kujua mambo mawili. Nitaitunzaje miguu hii? Na je, watoto wangu wakienda kwa bibi na babu yao niwaache wacheze peku, au niwakataze kabisa?

Mzee wa Jiwe

Pole sana, ndugu. Dawa ya magaga ni wembe mpya. Loweka miguu, kisha punguza ile ngozi iliyokufa taratibu mpaka uifikie iliyo laini. Nimewaona wazee wetu wakifanya hivyo na hawakudhurika.

Muuguzi wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, naomba hilo la wembe lisifuatwe. Ngozi ya kisigino haina alama inayoonyesha iliyokufa inaishia wapi na iliyo hai inaanzia wapi, na mkato mdogo mahali panapokanyaga vumbi kutwa ni mlango wa wadudu, pepopunda ikiwemo.

Mwenye uzi, sugu yenyewe si adui yako. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature, uliowapima watu wa Kenya na Marekani, wanaotembea peku na wanaovaa viatu. Ulionyesha kuwa sugu za wanaotembea peku ni nene zaidi, lakini unene huo hauwapunguzii uwezo wa kuhisi ardhi. Kinachokutesa ni ukavu. Ngozi nene ikikauka hupoteza mnyumbuko, na kila unapokanyaga, nyama ya kisigino hutanuka pembeni na kuipasua. Ndiyo maana kandambili na viatu vilivyo wazi nyuma huzidisha magaga, kwani hakuna kinachokishikilia kisigino.

Kwa hiyo, jioni loweka miguu katika maji ya vuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, si zaidi, kwa sababu kuloweka kupita kiasi nako hukausha. Sugua kwa jiwe la miguu kwa mkono mwepesi na uache ngozi ikiwa bado na unene wake. Nia ni kulainisha kingo za mipasuko, wala hutafuti kisigino cha mtoto mchanga. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole ambako fangasi hupenda unyevu, kisha upake mafuta ya mgando wakati ngozi ya kisigino bado ina unyevunyevu kidogo, uvae soksi za pamba na ulale nazo. Ukipata krimu yenye urea, nayo hufaa sana kwa ngozi nene, ila huchoma kwenye mpasuko ulio wazi, hivyo subiri kwanza ufunge. Ukiona usaha, wekundu unaosambaa au joto, nenda kituo cha afya, na uulizie pia kama chanjo yako ya pepopunda imepitwa na wakati.

Fundi Viatu

Nizungumzie upande wangu. Viatu vingi vya dukani huundwa juu ya umbo lenye ncha iliyochongoka, wakati mguu uliokua huru huwa mpana zaidi kwenye vidole kuliko mahali pengine popote. Wateja wa namna yako hukimbilia namba kubwa zaidi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu kiatu kirefu huufanya mguu uteleze mbele na nyuma, kisigino kinasuguliwa, na vidole bado vinabanwa kulekule mbele.

Fanya hivi: jioni, miguu ikiwa imejaa baada ya kazi, simama juu ya karatasi kwa uzito wako wote, mtu akuchoree mguu akiwa ameshika kalamu wima. Chora yote miwili, maana ni nadra kulingana. Ukienda kununua, weka soli ya kiatu juu ya mchoro. Mstari ukitokeza nje ya soli pale kwenye mzizi wa kidole kidogo, kiatu hicho kirudishe hata kama muuzaji anaapa kwamba kitaachia. Ngozi halisi huachia kidogo, plastiki haiachii, na soli haiachii kamwe. Ile sugu yenye kiini itaanza kupungua yenyewe mbano ukiondoka.

Mbio za Asubuhi

Kuhusu watoto, waacheni wacheze. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome mwaka 1960 akiwa peku.

Muuguzi wa Zamu

Ni kweli, na mwaka 1964 akashinda tena Tokyo akiwa na viatu, kwa hiyo hoja hiyo haitufikishi mbali. Mguu wa mtoto hufaidika kweli kwa kucheza peku. Swali ni udongo gani anaoukanyaga.

Mahali ambapo watu hujisaidia ovyo, mabuu ya safura hupenya ngozi ya mguu, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa na kuishia utumboni, ambako hunyonya damu mpaka mtoto anapauka. Penye vumbi kavu na mifugo inayolala karibu na nyumba kuna funza: kiroboto jike wa takriban milimita moja huingia kwenye ngozi na kuvimba kama njegere. Hapo kinachoniudhi ni ile sindano moja ya kutolea funza inayopita mguu kwa mguu kwa watoto wote wa nyumba, maana inaweza kupitisha homa ya ini na hata VVU. Na katika baadhi ya nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, chembe za udongo wenyewe, pasipo mbu wala mdudu yeyote, huvimbisha miguu ya baadhi ya watu baada ya miaka mingi. Kinga yake ni viatu na kunawa miguu kila siku.

Hivyo uani palipofagiliwa na kunyunyiziwa maji, waache. Chooni, zizini, na matopeni karibu na makazi, wavae viatu. Kila jioni wanawe miguu kwa sabuni, na mtu mzima aikague kwenye kingo za kucha na katikati ya vidole.

Mguu Mpana (mwenye uzi)

Nawashukuru sana. Nina swali moja la nyongeza: mama yangu ana kisukari na magaga yake ni mabaya kuliko yangu. Naye nimfanyie hivyohivyo?

Muuguzi wa Zamu

Hapana, ndugu yangu. Kisukari huweza kuua hisia za mguu, kwa hiyo mama anaweza kuungua kwa maji ya moto au kuchubuliwa na jiwe bila kujua. Asiloweke, asisuguliwe jiwe, na asitembee peku hata ndani ya nyumba. Mnawishe haraka kwa maji ambayo wewe umeyapima kwa kiwiko, mkaushe, mpake mafuta juu na chini ya mguu lakini si katikati ya vidole, na mtazame nyayo kila siku penye mwanga. Magaga yenyewe ayaonyeshe kliniki yake ya kisukari, na likitokea jeraha lolote, hata dogo lisilouma, msisubiri tarehe ya kliniki.