Ukoo Mmoja (matangazo ya biashara marufuku)

*Jumatano*

Dada Rehema 19:02: Habari za jioni wote. Mswada wa Zuhura niliuweka hapa tangu wiki iliyopita. Mwisho wa maoni Jumapili, Jumatatu unaenda kwa mhariri. Riwaya ya kwanza katika ukoo huu, tusimwangushe. Nani kasoma?

Dada Rehema 19:40: Alama za buluu naziona. Mmefungua wote.

Mjomba Saidi 20:15: Mimi nasubiri sinema yake 😂

Hamisi 20:16: Nani ataigiza kama wewe mjomba? Kipara hicho hakiazimwi

Dada Rehema 20:17: Jamani.

Hamisi 20:25: Haya, la maana. Sura ya 15, "ugonjwa ukazidi kumla ubongo". Zuhura, mtindio wa ubongo hauli wala hausambai. Ubongo huumia mtoto akiwa tumboni, anapozaliwa au akiwa bado mchanga, na jeraha linabaki palepale. Kinachozidi na umri ni misuli kukaza na viungo kuuma. Muulize Idi goti lake.

Zuhura 20:31: Ahsante kaka. Nilikuwa natafuta sababu ya Musa kufa

Mama Nasra 20:32: Anakufa??? Mie nipo sura ya 3!

Mama Nasra 20:50: Nimeruka hadi ya 7, nimelia. Ule mlango uliofungwa kwa nje siku ya harusi. Harusi ya nani ile?

Dada Rehema 20:51: Ni riwaya. Harusi ya kubuni.

Hamisi 20:53: Ya kubuni, yenye tarumbeta na gauni la mkia mrefu. Sawa.

Dada Rehema 20:53: Hamisi, tusianze.

Hamisi 20:55: _Ujumbe huu umefutwa_

Idi 22:31: nimesoma yote. natumia kidole kimoja mnivumilie

Idi 22:38: musa ni mimi. sawa. mbona hakasiriki? kitabu kizima anatabasamu

Idi 22:44: mimi naiba karata

Mjomba Saidi 22:44: NILIJUA!!!

Idi 22:52: halafu mnaniua ili dada mtu apate akili

*Alhamisi*

Shangazi Mkubwa 06:10: Nimesomewa. Ufunguo wa siku ile nilikuwa nao mimi. Rehema hakujua lolote, alikuwa anapambwa. Sura hiyo isiguswe. Ila Idi msimzike.

Dada Rehema 06:58: Shikamoo shangazi.

Mjomba Saidi 08:30: Jana nimeota mvua kubwa sana

Zuhura 09:20: Idi, nikija tusome pamoja? Bila kifo sijui kitabu kinaishia wapi

Idi 09:41: kiishie kwako

Idi 09:47: na musa aibe kitu

Mama Nasra 10:05: Kwa hiyo mie niendelee na ya 3 au nisubiri?

Dada Rehema 10:06: Mhariri nimwambie Jumatatu au nisimwambie? Zuhura?

Mjomba Saidi 13:12: Jumatatu ipi?