Eti "gari si sufuria, mama"? Nakuru tumefika huku?

Wadau, nimetoka huko sasa hivi, mikono bado ina grisi na hasira hii nitalala nayo. Simtaji. Nyote mnamjua: yule wa spea kuukuu, anayekupangia bei kwa kuangalia viatu vyako.

Nilienda kutafuta ekseli ya nyuma ya pikapu ninayoijenga ya kushusha viazi kutoka Mau Narok. Magunia 20 ya kilo 50 ni tani nzima, na mwezi wa nne ule udongo humeza gurudumu likabaki kichwa tu. Ananitolea ekseli ya gari la kupeleka watoto shule! Nikamwambia polepole: shafti ya hii inazungusha gurudumu na hapo hapo inabeba uzito, ikikatika gurudumu linaenda zake. Nataka ile ambayo uzito unakaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na kwenye hauzingi, yaani ganda la ekseli, shafti kazi yake kuzungusha tu. Hiyo hata ikikatika naichomoa, natia fowili (magurudumu yote manne), magurudumu ya mbele yananikokota mpaka lami.

Akawatazama vijana wake watatu. Akasema: "Gari si sufuria, mama. Mlete mzee tuongee."

Sufuria! Alicheka mpaka nadhani Gilgil walimsikia.

Na hiyo beringi yake sasa? Nilipitisha kidole kwenye grisi: nyeusi tii, vipande vya chuma vinameta ndani kama mchanga kwenye samli. Nikamwonyesha. Akanishika kidole, akakipangusa kwa kitambaa chake, akasema hilo ni vumbi. Mlete mzee! Mzee wangu hata boneti hajui inafunguliwa wapi. Injini ya dizeli ya Toyota, 1HZ, niliichagua mimi: silinda sita, lita 4.2, pampu ya kimakanika, hakuna kompyuta ya kuzimika msituni usiku.

Mbele ya vijana wanaojifunza kazi. Sufuria.

Diseli_Kibuye: Pole dada. Lakini 1HZ bila tabo ya kusukuma hewa, na ile milima? Utafika sokoni viazi vimechipua.

Mwenye uzi: Vikichipua nitapanda. Sikuuliza injini, nimetukanwa!

MtuWaMolo: Ni yule wa karibu na mizani? Aliniuzia difu, zile gia za katikati ya ekseli, imejazwa unga wa mbao ndani isilie. Ilinyamaza siku mbili, ya tatu ikalia kama fisi.

Bungoma_Matope: Hayo madogo. Mimi niliuziwa injini ya 1KZ, ikachemka Timboroa, silinda hedi ikapasuka. Nililala barabarani na mbuzi wawili wa mahari.

Diseli_Kibuye: 1KZ ukiiendesha bila maji unamlaumu nani?

Bungoma_Matope: Maji yalikuwepo! Rejeta mpya!

MtuWaMolo: Mpya ya duka au mpya ya kupakwa rangi?

Mwenye uzi: Jamani, mbele ya vijana watatu...

Bungoma_Matope: Rangi gani? Njoo uione!

Diseli_Kibuye: Na mahari je, ilifika?

Bungoma_Matope: Mbuzi mmoja.

Kondele_Kimya: Samahani kuingilia. Kuna mtu aliazima jeki yangu ya tani 5 tangu Krismasi. Yuko humu, anasoma, na hata amejibu mara tatu. Arudishe.

Diseli_Kibuye: Ile jeki ilikuwa inavuja tangu siku ya kwanza.