Waja leo waondoka leo: mliopanda Magoroto sikukuu, tupeane uzoefu

Mtu wa Ngamiani (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina mjomba yuko Dar anataka kuleta watoto Magoroto, ule msitu wa mlimani juu ya Muheza wenye bwawa na bembea, Idd ijayo, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kaniuliza mimi kwa kuwa ndiye mtu wake wa Tanga. Kabla sijamjibu naweka yangu hapa, nanyi mmwage yenu.

Mimi nilikwenda Idd pili. Tulikodi Kosta, ukoo mzima na majirani, makubaliano saa 12 asubuhi. Mnaijua wenyewe saa 12 ya watu wa Ngamiani siku ya sikukuu. Saa 2 shangazi bado anapalia mkaa juu ya mfuniko wa pilau. Tumetoka mjini saa 3 na robo. Kufika Muheza si kazi, ni lami tupu, na watoto walikuwa wanaimba. Tukaiacha lami, tukaanza kupanda, nyimbo zikapungua.

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona moja tukakuta msururu: Noah mbili zimekwama, moja imelalia mtaroni kabisa, na nyuma yetu magari yanazidi kuja. Dereva akazima gari, akasema, "Wazee, mimi mwisho wangu hapa." Tukashuka. Sufuria la pilau tulilipitishia mti, wanaume wanne tukalibeba mabegani kama watu wa zamani walivyobeba mgonjwa. Mama mkwe alikuwa amevaa viatu vyake vya sikukuu, vyenye kisigino. Hakusema neno njia nzima. Afadhali angesema.

Juu tumefika saa 7 mchana. Watu! Foleni ya mitumbwi imekata kona, ile bembea ya kupigia picha ndiyo usiseme, kila anayepanda lazima apigwe za kushoto, za kulia na za mgongo. Saa 9 ikashuka mvua isiyobisha hodi. Pilau tukalila tumesimama, tumebanana chini ya turubai na watu tusiowajua, waliokuwa na achari ya embe. Sura zao nimezisahau, achari sijaisahau. Saa 10 dereva akapiga simu: msiposhuka sasa mtalala huko.

Kwa hesabu yangu, siku nzima nilikaa msituni kwenyewe, yaani chini ya miti mikubwa, peke yangu, nasikia maji yanadondoka kwenye majani, dakika kama 20. Nilikuwa naenda chooni nikapotea njia. Hizo 20 ndizo ninazosimulia mpaka leo.

Binti Chuda

Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Hiyo Noah ya mtaroni ilikuwa yetu!

Shemeji alituambia gari lake linapanda hata ukuta. Tulikuwa 9 na mizigo, tairi vipara. Vijana wa pale walikuja kama 10 hivi, wakasukuma, wakanyanyua, tope likawarukia mpaka kwenye kope. Walipomaliza wakataka hela ya soda tu. Shemeji akaanza kubishana nao bei ya soda! Dada yangu akavua kitambaa cha kichwani, akatoa noti aliyokuwa ameificha humo, akawapa. Nyumbani walinuniana wiki. Juu hatukufika. Tulikula machungwa ya Muheza pembeni ya barabara, tukarudi.

Boda wa Muheza

Sasa niseme na mimi wa upande wa pili, maana nyie mnatuona tu tukipita na helmeti.

Ule udongo mwekundu ukikauka ni vumbi, ukilowa ni sabuni. Hauhitaji gari kubwa, unahitaji dereva asiyeogopa gia namba moja na asiyekanyaga breki kwenye mteremko. Sikukuu kuna madereva wanaupanda mlima kwa mara ya kwanza maishani, wamejaza watu mpaka mlangoni. Akikwama mmoja, njia imefungwa kwa wote, kupishana hakuna. Kwetu siku hiyo ni mavuno, sitaki kudanganya, nauli inapanda na mlima. Lakini dada yangu anauza chai ya tangawizi na mihogo njiani, anasema wateja wa sikukuu wanapita mbio hawanunui, wanashuka mbio hawanunui. Anawapenda wa katikati ya wiki.

Jumanne ya kawaida, ukianza kupanda saa 1 asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya bwawa. Mtumbwi unachagua wewe. Bembea ndiyo inayokusubiri.

Mbagala Rangi Tatu

Mimi ndiye mjomba wako ajaye, mkuu. Tulitoka Dar saa 8 usiku na kundi la ofisini. Zaidi ya kilomita 300, tumechimba dawa mara tatu, tumekunywa supu njiani, tumefika juu karibu saa 6. Saa 9 tunaambiwa pandeni gari. Masaa matatu, na moja nililala kwenye nyasi kwa uchovu. Picha zangu zote nina macho mekundu kama niliyekula moshi. Ofisini nikasema ilikuwa safi sana. Wote tulisema hivyo.

Mama Wawili

Sisi tulilala na mahema, hivyo nina cha kuongeza. Kama saa 11 jioni wa kwenda na kurudi wakaondoka, ikawa kama mtu kazima redio. Tukaanza kusikia vitu vilivyokuwepo mchana kutwa: vyura, ndege, tawi likivunjika mbali.

Usiku wa manane likaja lile jambo. Sauti inakwaruza, inapanda, inapanda, halafu inalia kama mtu anayekabwa koo. Mwanangu mdogo kaingia ndani ya fulana yangu. Baba yao, mwanaume aliyetuahidi ulinzi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umefunga zipu?" Asubuhi tukaelezwa ni perere. Kamnyama ka mtini, hata paka anakashinda umbo, na kelele zote zile! Alfajiri mbega wakapita juu yetu, mikia yenye ncha nyeupe inaning'inia kama mashada.

Mzee wa Sigi

Vijana, marahabaa kwa watakaoamkia.

Magoroto naijua tangu ikiwa habari za michikichi tu, shamba la enzi za Mjerumani, hakuna aliyepanda kupiga picha. Ila nawashangaa mnagombania bembea moja wakati Usambara Mashariki yote iko hapa. Muheza hiyohiyo, badala ya kupinda Magoroto, nyosheni kwenda Amani, kwenye hifadhi ya msitu.

Mtapita Sigi kwenye geti. Jengo mtakaloona pale lilikuwa stesheni. Mjerumani alileta reli kutoka Tengeni mpaka Sigi mwanzoni mwa karne iliyopita, kuteremsha magogo. Reli ilishang'olewa, jengo likabaki. Juu zaidi kuna bustani ya mimea aliyoianzisha 1902, akawa anapanda miti ya kila bara kuona ipi itakubali. Iliyokubali bado ipo, na mingine imekubali kupita kiasi, imeingia msituni na kusukuma miti ya asili. Hifadhi yenyewe ilitangazwa 1997.

Mnalalamikia mvua. Upepo unatoka baharini umebeba maji, unakutana na milima hii kwanza, unapanda, unapoa, unamwaga. Amani inapata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Bila hiyo hakuna msitu, na Mto Sigi mnaounywa huko Tanga mjini mngeusikia kwenye hadithi.

Ukitembea na mtu wa pale atakuonyesha mti wa msambu. Tunda lake linafika kilo kadhaa, halichumwi, linasubiriwa lianguke. Sisi tulikuwa tunaokota mbegu, zina mafuta mazito yanayoganda yenyewe. Usisimame chini yake na simu yako. Halafu kwenye mawe yenye kivuli kuna kiua kidogo cha zambarau, majani yake yana manyoya. Mwaka 1892 bwana mkubwa wa Kijerumani wa wilaya, Saint Paul, alipeleka kwao mbegu zake. Leo kiko madirishani dunia nzima. Hapa kwetu watu wanakikanyaga wakitafuta mtandao.

Binti Chuda

Shikamoo mzee. Kuna bembea huko?

Mzee wa Sigi

Marahaba. Hakuna.

Boda wa Muheza

Mzee ametoa darasa. Ila aseme ukweli na wa siafu. Kipindi cha mvua vaa soksi ndefu, chomekea suruali ndani.

Mzee wa Sigi

Siafu ni mwenyeji. Wewe ndiye mgeni.

Mtu wa Ngamiani (mwenye uzi)

Ahsanteni wote. Nimempigia mjomba, nikamsomea uzi mzima: Jumanne, mahema, Amani, msambu, perere. Kasikiliza vizuri sana. Mwisho akaniuliza foleni ya bembea huwa inapungua saa ngapi.

Idd ni Idd, wanakuja. Kaagiza pilau. Nimemuuliza mama mkwe kama atatusindikiza, kasema sikukuu hiyo yeye atakuwa ufukweni Raskazone, miguu ndani ya maji, na viatu atavaa anavyotaka.