Naomba ushauri: dawa ya kikohozi kwa mtoto wa wiki 5
Ndugu zangu, naombeni ushauri, hasa kutoka kwa wafamasia na wauguzi wa watoto. Binti yangu ana wiki 5, alizaliwa kabla ya siku zake akiwa na kilo 2.1, na sasa ana mafua na kikohozi chepesi, ingawa ananyonya vizuri na hana homa. Katika duka moja la dawa nilipewa sirapu ya kikohozi, nikaelekezwa nimpe nusu kijiko cha chai mara 3 kwa siku, bila yeyote kuniuliza uzito wake. Sijampa hata tone.

Ninachofahamu ni kwamba ini na figo za mtoto mchanga hazijakomaa, hivyo dawa nyingi hukawia kutoka mwilini. Ndivyo kloramfenikoli, aina ya antibayotiki, ilivyowaua watoto wachanga katika miaka ya 1950, kabla madaktari hawajatambua kuwa ini lao haliwezi kuivunja ipasavyo. Wala sijasahau mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipotoa tahadhari kuhusu sirapu zilizokutwa na sumu ya daiethilini glaikoli nchini Gambia, ambako makumi ya watoto walikufa baada ya figo zao kushindwa kufanya kazi.

Je, kwa umri huu ipo dawa ya kikohozi iliyothibitishwa kuwa salama na inayofanya kazi kweli, au matone ya maji ya chumvi puani na maziwa ya mama yanatosha? Na ni dalili zipi nikiziona nisisubiri kupambazuke, bali nimkimbize hospitali usiku huohuo?