Majirani Ilazo: vikopo vya mchwa vimeota ukungu

Mama Neema, 07:12
Habari za asubuhi majirani. Vile vikopo vya mchwa tulivyofukiwa kuzunguka nyumba, vyenye kipande cha mbao ndani cha kuonyesha kama mchwa wapo, kuna aliyefunua chake karibuni? Cha nyuma ya jiko mbao imekuwa nyeusi, imeota ukungu mweupe na inanuka uvundo.
📷 Picha

Baba Jose, 07:15
Mchwa hao. Mwaga oili chafu, wataisha.

Dada Rehema, 07:16
Changu cha upande wa geti kikavu kabisa, mbao kama imetoka dukani leo. Cha karibu na karo ndo hivyohivyo kama cha Mama Neema.

Fundi Emma, 07:31
Shikamoo Mama Neema. Baba Jose, oili weka mbali kwanza 😅
Mama, itoe hiyo mbao uibonyeze kwa kucha. Ikiwa ya kahawia, imepasuka vipande vya mraba mraba na ukiisugua inakuwa unga, imeoza. Ikiwa imepauka na inachambuka nyuzinyuzi, imeoza pia, ila kwa kuvu ya aina nyingine. Mchwa hafanyi hivyo. Yeye anafuata urefu wa mbao, anakula sehemu laini anaacha ngumu, halafu hawa wa kwetu lazima utaona na udongo wao humo ndani.

Mama Neema, 07:40
Marahaba mwanangu. Kucha imezama yote. Unga mtupu. Udongo hamna.

Baba Jose, 07:41
Basi tumepona, hakuna mchwa.

Fundi Emma, 07:44
Hapana kaka. Kikopo chenye mbao iliyooza hakikwambii kitu. Ile mbao ndiyo inayomwita mchwa. Ikishaisha, anaweza kupita pembeni akaenda kwenye fremu ya mlango wako, na wewe kila ukifunua unasema hakuna. Mimi naogopa zaidi kikopo cha hivyo kuliko chenye mchwa wanaoonekana.

Dada Rehema, 07:46
Mbona nilisikia mchwa wanapenda mbao iliyooza?

Fundi Emma, 07:53
Umesikia sawa. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa mbao iliyoshambuliwa na kuvu mojawapo ya ule uozo wa kahawia inatoa kitu kinachovuta mchwa. Lakini ni kuvu ile, na mchwa wa kule. Kuna kuvu nyingine zinawafukuza. Mimi ninavyofanya: mbao ikianza tu kubadilika rangi naiacha, ikishalainika natoa.

Mzee wa Kona, 08:10
Mbukwenyi. Sasa fundi, mchwa si ndio wenye uyoga? Mvua zikianza tunachuma vichuguuni, mtamu kuliko nyama. Iweje tena wakimbie ukungu?

Fundi Emma, 08:18
Mbukwa mzee, shikamoo. Swali zuri sana hilo. Hawa wenye vichuguu vikubwa ni wakulima kweli, ila wanalima kuvu moja tu, kitaalamu inaitwa Termitomyces. Ukungu mwingine kwao ni magugu, wanauondoa.

Mzee wa Kona, 08:19
Marahaba. Kumbe wanapalilia kuliko vijana wa hapa.

Dada Rehema, 08:21
😂😂 Mzee jamani

Mama Neema, 08:24
Mimi niko kwenye mbao. Nikimwagia Jik ukungu si utakufa?

Fundi Emma, 08:29
Usimwage chochote mama. Si Jik, si oili, si dawa ya mbu. Harufu ikibaki mle mchwa haingii tena. Tatizo ni maji. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi, na Dodoma kuanzia Mei mpaka Novemba ardhi ni kavu, ndiyo maana cha geti kizima. Cha jikoni kinanyweshwa na nini?

Mama Neema, 08:30
Pale nina mchicha.

Mama Neema, 08:30
Na mchicha siuhamishi.

Fundi Emma, 08:33
Basi kihame kikopo, kisogeze ukutani hukohuko lakini maji ya mchicha yasikifikie. Angalia pia matundu ya chini, yakiziba udongo maji yanasimama. Weka paini mpya, ile nyeupe isiyotiwa dawa. Za kijani za kupaulia mchwa hawali.

Baba Jose, 08:37
Na ile sumu tuliyolipia iko wapi? Waliotuwekea walikuja mara moja wakapotea.

Fundi Emma, 08:45
Kwa kutokuweka sumu mwanzoni wako sahihi. Chambo chenye sumu kinawekwa mchwa wakishaingia, kikikaa tu kwenye unyevu nacho kinaota ukungu. Dawa yenyewe, mfano heksaflumuroni, haiui papo hapo. Inamzuia mchwa kujivua ganda, naye anakuwa ameshawagawia wenzake. Ila kutorudi kukagua hilo ni kosa lao, wadaini.

Baba Jose, 09:20
Fundi, cha kwangu cha chini ya mwembe hiki. Tope mpaka juu ya kifuniko.
📷 Picha

Fundi Emma, 09:21
Hao sasa. Funika taratibu, usiguse tena, wakisumbuliwa wanahama. Nakuja mchana na chambo.

Baba Jose, 09:22
Nilishaichomoa mbao nje ili picha itoke vizuri.

Fundi Emma, 09:22
Baba Jose!! Irudishe, kaka, irudishe ilivyokuwa.